Risasi ya mwisho haikuwa ya mwisho: majandarmu wa Katanga chini ya bendera nyingi

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Mwaka wa 1957 ilitoka kule Marekani filamu moja ya makauboi yenye jina Run of the Arrow. Aliyeitengeneza ni Samuel Fuller, na mchezaji mkuu ni Rod Steiger. Steiger anaigiza askari wa Kusini aitwaye O'Meara. Tarehe 9 mwezi wa 4 mwaka wa 1865, siku ambayo Jenerali Lee aliweka silaha chini pale Appomattox, O'Meara anampiga ofisa mmoja wa Kaskazini risasi. Inasemwa kwamba ndiyo risasi ya mwisho ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ofisa hafi, anapona. Risasi ileile inatolewa mwilini, na O'Meara anapewa kama ukumbusho.

Vita vimekwisha, lakini O'Meara anakataa kuishi chini ya bendera ya walioshinda. Mama yake anamkemea, anamwambia chuki imemla. Yeye anaondoka kwenda magharibi, anajiunga na Wahindi Wekundu wa kabila la Sioux, anaoa kwao na anaapa kuwa mtu wao. Miaka haipiti mingi, jeshi alilolikimbia linafika hadi huko, na katikati ya askari yupo yule ofisa aliyempiga risasi. Sasa O'Meara lazima ajibu swali alilolikimbia: yeye ni mtu wa nani?

Filamu ile ni hadithi ya Marekani. Lakini mtu akiitazama Lubumbashi, na hasa katika nyumba ambamo baba au babu alivaa nguo ya jeshi la Katanga, haoni jambo geni. Mji huu ulikuwa na vita vyake, ulikuwa na siku yake ya kuweka silaha chini, na ulikuwa na watu wake waliokataa. Tofauti ni moja: hapa risasi iliyosemwa kuwa ya mwisho ilifuatwa na nyingine, tena na nyingine, kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mji wa watu waliotoka kila upande

Elisabethville ilianzishwa mwaka wa 1910, wakati reli kutoka Rhodesia ilipofika. Shaba ilikuwepo, mikono ya kuichimba haikutosha. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1906, ilitafuta wafanyakazi mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi, Maniema, na zaidi sana Kasai. Reli ya BCK ilipofika Port-Francqui mwaka wa 1928, njia ya kutoka Kasai hadi migodini ikawa wazi. Familia zilishuka kwenye treni, zikapewa nyumba katika kambi za kampuni, zikazaa watoto waliosema Kiswahili cha mji kuliko lugha ya baba zao.

Hivyo mtu wa Katuba au Kenya, akiulizwa ametoka wapi, alikuwa na majibu mawili: kijiji cha babu, na kartie alipozaliwa. Kwa miaka mingi majibu hayo mawili hayakugombana. Yalianza kugombana wakati wa kura. Mwishoni mwa mwaka wa 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa miji. Katika Elisabethville, wengi wa viongozi weusi waliochaguliwa kuongoza makomine walikuwa watu ambao asili yao ni nje ya Katanga. Mwaka uliofuata ikaundwa CONAKAT, muungano wa vyama vya makabila ya Katanga. Godefroid Munongo, mjukuu wa mfalme Msiri wa Bayeke, ndiye aliyeuongoza kwanza. Kisha Moïse Tshombe, mtoto wa mfanyabiashara wa Kilunda. Neno lao kubwa lilikuwa hili: wenyeji kwanza.

Hata wenyeji wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Baluba wa Katanga, chini ya Jason Sendwe, walitoka CONAKAT mwezi wa 11 mwaka wa 1959. Chama chao, BALUBAKAT, kilisimama pamoja na watu wa Kasai waliokaa mjini. Kwa hiyo mstari uliochorwa mwaka wa 1960 haukupita kati ya Katanga na Kasai tu. Ulipita katikati ya Katanga yenyewe, na ndani ya nyumba nyingi ambamo baba alikuwa wa upande huu na wajomba wa upande ule.

Misalaba mitatu ya shaba

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 1960. Siku chache baadaye askari wa Force Publique waliasi. Tarehe 11 mwezi wa 7, Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni nchi ya peke yake. Ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, ilikuwa na fedha yake, na ilikuwa na jeshi lake: jandarmeri ya Katanga, lililofunzwa na maofisa Wabelgiji na kuongezewa mamluki wa Kizungu. Hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua nchi hiyo.

Jandarmeri ilikusanya vijana zaidi ya elfu kumi. Wengi walitoka kusini: Balunda, Bayeke, Babemba, na wengine. Vita vyao vya kwanza havikuwa na Wazungu wala na Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati ule. Vilikuwa kaskazini, na Baluba wa Katanga. Vijana wa BALUBAKAT walisimama kwa mishale, mapanga na bunduki za kienyeji. Jandarmeri na mamluki walichoma vijiji. Mwanzoni mwa mwaka wa 1961 watu wa Sendwe walitangaza jimbo lao, Lualaba, wakaweka makao Manono. Kati ya vijana wa BALUBAKAT wa wakati ule alikuwemo mmoja aliyeitwa Laurent-Désiré Kabila. Jina hilo litarudi.

Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 1961, Patrice Lumumba aliletwa kwa ndege Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule waliuawa porini, si mbali na mji. Tangu hapo hakuna mtu aliyeweza kusema kwamba vita hivi ni jambo la Katanga peke yake.

Kambi ya 1961

Mwezi wa 8 mwaka wa 1961 askari wa ONU walianza kuwakamata na kuwafukuza maofisa wa kigeni wa jandarmeri. Mjini polisi walizidisha kuwakamata Baluba na Bakasai, wakiwaita wasaliti. Familia zikabeba mikeka na masufuria, zikatembea hadi karibu na kambi za askari wa ONU, zikalala hapo kwenye uwanja wazi. Katika majuma machache walikuwa makumi ya maelfu. Walijenga vibanda vya majani, vya mbao za masanduku, vya chochote kilichopatikana. Kulikuwa na magonjwa, kulikuwa na njaa, na vijana wenye mapanga walikuwa wenye amri ndani ya kambi usiku.

Jambo moja lastahili kukumbukwa, hasa na wale ambao leo wanaishi kwa jamaa au chini ya hema kwa sababu ya vita vingine. Watu wa kambi ile hawakutoka mbali. Wengi walikuwa wametembea kilomita chache tu. Nyumba zao zilikuwa mjini humohumo, na kutoka kambini mtu aliweza kuona moshi wa kiwanda alikofanya kazi mwezi uliopita. Walikuwa wakimbizi katika mji wao wenyewe. Mwaka wa 1962 walipakiwa, wengi kwa treni, wakapelekwa kaskazini mwa Katanga na Kasai ya Kusini, mahali ambapo wengine wao hawakuwahi kupaona.

Hata hivyo haikuwa kabila tu lililoamua nani ni rafiki. Albert Kalonji, kiongozi wa Baluba wa Kasai, alitangaza kujitenga kwa Kasai ya Kusini mwezi wa 8 mwaka wa 1960 akiwa hapahapa Elisabethville, mgeni wa Tshombe, kwa maana wote wawili walimpinga Lumumba. Wakati wakubwa walikula meza moja, wadogo wao walikuwa wakiogopana mtaani.

Jandarmu bila bendera

Vita vya ONU na Katanga vilikuja mara tatu: mwezi wa 9 na mwezi wa 12 wa 1961, kisha mwisho wa mwaka wa 1962. Katika vile vya kwanza, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akienda kuongea na Tshombe. Katika vile vya mwisho, ONU ilichukua Elisabethville, Jadotville na, tarehe 21 mwezi wa 1 mwaka wa 1963, Kolwezi. Siku chache kabla, Tshombe alikuwa amekubali kwamba kujitenga kumekwisha.

Hiyo ndiyo siku ya Appomattox ya Katanga. Jandarmu aliambiwa alete bunduki, aape kwa jeshi la taifa, na atasamehewa. Sehemu ndogo tu walifika. Kwa nini wengine hawakufika? Sababu zilikuwepo, na si zote za siasa. Jeshi ambalo waliambiwa waingie ndilo walilopigana nalo jana. Mjini, kijana aliyejulikana kuwa jandarmu aliweza kupigwa au kufungwa na askari wapya waliotoka mbali. Kazi hakuna. Na kuna waliomwamini Tshombe kama mtu anavyomwamini baba. Basi wengine walifukia bunduki kijijini na kurudi shambani wakingoja. Wengine walivuka mpaka na kuingia Angola, ambako Wareno waliwapokea.

Hapa ndipo hadithi inakuwa ngumu kuliko ile ya O'Meara. Yeye alikuwa na bendera mbili za kuchagua. Jandarmu wa Katanga alizipitia nyingi, na karibu kila mara aliambiwa kwamba akibadili bendera ndipo anabaki mwaminifu.

Angalia mfuatano wake. Mwezi wa 7 mwaka wa 1964, mwaka mmoja na nusu baada ya kushindwa, Rais Kasavubu anamwita Tshombe kutoka Ulaya na kumfanya Waziri Mkuu wa Kongo nzima. Mtu aliyeikata nchi anapewa kazi ya kuishona, kwa sababu waasi wa Simba wameshika mashariki. Anawaita majandarmu wake kutoka Angola na vijijini. Sasa wanapigana wakivaa nguo ya taifa, chini ya bendera waliyoipinga, na wanasaidia kuchukua tena Stanleyville. Mwezi uleule ambao Tshombe alikuwa njiani kurudi, Jason Sendwe, adui wake wa zamani, alikuwa ameshauawa Albertville, mji unaoitwa Kalemie leo.

Mwezi wa 10 mwaka wa 1965 Kasavubu anamfukuza Tshombe. Mwezi unaofuata Mobutu anachukua mamlaka. Majandarmu wanabaki ndani ya jeshi la mtu asiyewapenda. Mwezi wa 7 mwaka wa 1966 wanaasi Kisangani na kupondwa. Mwezi wa 7 mwaka wa 1967, siku chache baada ya ndege ya Tshombe kutekwa na kupelekwa Algeria, wale waliobaki wanaasi tena pamoja na mamluki wa Jean Schramme, wanashuka hadi Bukavu na kushika mji karibu miezi mitatu. Mwezi wa 11 wanavuka kuingia Rwanda. Mamluki Wazungu walipata ndege ya kuwarudisha kwao Ulaya. Wakatanga waliahidiwa msamaha wakarudishwa Kongo, na wengi wao hawakuonekana tena.

Kwa familia nyingi za Katanga, hapo habari inakatika. Hakuna kaburi, hakuna barua. Tshombe mwenyewe alikufa Algeria mwaka wa 1969, bila kuiona tena Lubumbashi, mji ambao tangu mwaka wa 1966 ulikuwa umeshaacha jina la Elisabethville.

Waliitwa waaminifu

Wale waliokuwa Angola walibaki. Wareno, waliokuwa wakipigana na wapigania uhuru, waliwapa silaha na mshahara, na wakawaita kwa Kireno Fiéis, maana yake waaminifu. Ni jina la kuchekesha na la kuumiza. Waaminifu kwa nani? Kwa Ureno? Hakuna jandarmu aliyekuwa na habari na Ureno. Walifanya kazi ya mkoloni ili wapewe mahali pa kukaa na wake zao na watoto, wakingoja siku ya kurudi nyumbani. Mwaka wa 1968 wakaunda chama chao, FNLC, chini ya Nathanaël Mbumba.

Mwaka wa 1974 serikali ya Lisbon ikaanguka. Vyama vitatu vya Angola vikaanza kugombea nchi. FNLA ilikuwa rafiki wa Mobutu. MPLA ilikuwa ya mrengo wa kushoto, rafiki wa Urusi na Kuba. Majandarmu, ambao miaka kumi na nne nyuma walifundishwa kwamba wanailinda Katanga dhidi ya wakomunisti, na ambao jana walikuwa wakiwapiga MPLA kwa bunduki za Wareno, walichagua MPLA. Hesabu yao ilikuwa rahisi: adui wa Mobutu ni rafiki.

Mtu wa mbali atasema hawa walikuwa watu wa kununuliwa. Inawezekana, kwa wengine. Lakini tukio baada ya tukio, jambo moja halikubadilika: walitaka kurudi kwao wakiwa na silaha mkononi, kwa sababu walishaona Kisangani na Bukavu kile kinachompata anayerudi mikono mitupu.

Dilolo, Mutshatsha, Kolwezi

Tarehe 8 mwezi wa 3 mwaka wa 1977 walirudi. Waliingia kutoka Angola, wakachukua Dilolo, Kisenge, Mutshatsha. Wakati huo Mobutu alikuwa ameshabadili jina la jimbo: Katanga iliitwa Shaba. Askari wa Zaire walikimbia, na Mobutu aliokolewa na askari karibu 1,500 wa Morocco walioletwa na ndege za Ufaransa. Mwezi wa 5 FNLC walikuwa wamerudi Angola, na nyuma yao maelfu ya wanakijiji wa Balunda na Batshokwe walivuka pia, wakiogopa kisasi cha askari.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka wa 1978, walipitia Zambia wakaingia Kolwezi. Wafaransa wa Jeshi la Kigeni walishuka kwa miavuli tarehe 19, na Wabelgiji wakafuata. Mamia ya wakaaji weusi na zaidi ya Wazungu mia walikuwa wamekufa. Ulaya iliandika sana juu ya Wazungu. Juu ya raia weusi wa Kolwezi, ambao wengine waliuawa na waasi na wengine na askari waliokuja kuwafukuza waasi, iliandikwa kidogo.

Baada ya hapo, mtu yeyote wa upande wa Lunda alikuwa mshukiwa. Mfano mkubwa ni Jean Nguz Karl-i-Bond. Alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Mobutu na jamaa ya Tshombe. Mwaka wa 1977 alishtakiwa kwamba alijua habari ya kuingia kwa majandarmu akanyamaza. Alihukumiwa kufa, akateswa, akasamehewa, akawa Waziri Mkuu, akakimbilia Ulaya na kumsema Mobutu vibaya, akarudi, akawa balozi Marekani. Kama waziri alipitia hayo yote, mwalimu au fundi wa reli mwenye jina la Kilunda angefanya nini isipokuwa kunyamaza?

Wakati uleule, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka wa 1947, alikuwa ameshachora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja na kuieleza kwa Kiswahili cha hapa. Katika picha zake yupo Lumumba, wapo majandarmu, zipo treni na kambi. Mambo ambayo hayakusemwa mezani yalitundikwa ukutani sebuleni, na mgeni akiuliza, ndipo baba alisimulia.

Treni ya 1992

Risasi ya mwisho ingeweza kuwa ile ya Kolwezi. Lakini mwaka wa 1991 Nguz akawa tena Waziri Mkuu, na chama chake, UFERI, kikashika Shaba, huku Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana. Maneno ya 1958 yakarudi: wenyeji kwanza. Mwezi wa 8 mwaka wa 1992 Mkutano wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuchukua nafasi ya Nguz. Likasi na Kolwezi zikawaka. Vijana wa UFERI walifukuza watu wa asili ya Kasai majumbani mwao. Waliwaita bilulu, yaani wadudu.

Mamia ya maelfu waliondoka katika miezi ile na mwaka uliofuata. Walijaa katika stesheni za Likasi na Kolwezi, wakilala kando ya reli majuma na miezi wakingoja mabehewa. Watoto na wazee walikufa hapo kwa kuhara na kwa njaa. Wengi wa waliofukuzwa walizaliwa Katanga, na wazazi wao pia. Treni iliwarudisha katika njia ileile iliyowaleta babu zao, wakashushwa Mwene-Ditu, mahali ambapo wengi hawakuwa na nyumba wala shamba.

Na kati ya wale waliopiga kelele za "rudini kwenu" walikuwemo Baluba wa Katanga, watoto wa watu waliolala katika kambi ya 1961 bega kwa bega na Bakasai. Miaka thelathini ilitosha kwa aliyefukuzwa kumfukuza mwenzake.

Watoto wa maadui katika gari moja

Kisha ukaja mwaka wa 1997. Laurent-Désiré Kabila, yule kijana wa BALUBAKAT, alikuwa akitembea kutoka mashariki na AFDL. Angola iliamua kumsaidia dhidi ya Mobutu, na ikawatuma majandarmu na watoto wao, ambao sasa waliitwa Matigre. Walishiriki vita vya kuelekea Kisangani, na mwezi wa 4 Lubumbashi iliangukia mikononi mwa AFDL. Mwezi wa 5 Mobutu akakimbia. Kabila akarudisha jina la Katanga.

Mtu afikirie kidogo. Mwaka wa 1961 jandarmu na kijana wa BALUBAKAT walikuwa wakiwindana katika majani ya Manono. Mwaka wa 1997 wao au watoto wao walipanda gari moja la jeshi. Wengi wa hao vijana walizaliwa Angola na walisema Kireno kuliko Kifaransa. Walikuwa wakirudi katika nchi ambayo hawakuwahi kuiona, kulipa deni la baba zao. Wazee kati yao walikuwa wametoka na nywele nyeusi na kurudi na mvi. Na waliporudi, wengi hawakupata walichokingoja: vyeo vilikwenda kwa wengine, na Matigre wengi walijikuta wageni katika jeshi walilolisaidia kushinda.

Hata hapo haikuwa mwisho. Kaskazini, katika pembe ya Manono, Mitwaba na Pweto, makundi ya Mai-Mai yalichoma vijiji kwa miaka mingi, na watu wakaiita pembe ya kifo. Moja ya makundi hayo lilijiita Bakata Katanga, wale wa kuikata Katanga, na tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka wa 2013 wapiganaji wake mamia waliingia Lubumbashi kwa miguu hadi kwa ONU. Damu ilimwagika tena mtaani. Mwaka wa 2015 Katanga ilikatwa kweli, lakini kwa sheria: ikawa majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.

Nani anaandika mwisho

Katika filamu ya Fuller, O'Meara anatumia risasi yake ya ukumbusho mwishoni. Ofisa yuleyule aliyemjeruhi amekamatwa na Sioux, anachunwa ngozi akiwa hai, na O'Meara anampiga risasi ile ili kumkatia mateso. Ndipo anaelewa kwamba hawezi kuwa Sioux, na kwamba adui wake wa zamani ni mtu wa kwao. Anawaongoza askari waliobaki, pamoja na mke wake wa Kisioux na mtoto, kurudi upande wa bendera aliyoikimbia. Kisha maandishi yanatokea yakimwachia mtazamaji kazi ya kuandika mwisho.

Katika Katanga, mikataba yote iliandikwa na wakubwa, na karibu yote iliuliza swali moja: bunduki ziko wapi? Hakuna ulioliuliza lile ambalo watu wa 1961 na wa 1992 walibaki nalo: nyumba yangu yuko nani ndani yake, na nikirudi, jirani atanitazama namna gani? Jandarmu aliahidiwa msamaha mara nyingi, lakini aliona kwamba msamaha unaoandikwa Kinshasa haumlindi mtu usiku kijijini. Ndiyo maana alishika bunduki yake. Na aliyefukuzwa aliona kwamba kurudi bila mtu wa kumpokea ni kufukuzwa mara ya pili. Hofu hizo mbili ni za aina moja, ingawa wenye nazo walikuwa pande mbili.

Kitu kimoja kilifanya kazi bila mkataba. Wengi wa waliofukuzwa mwaka wa 1992 na 1993 walirudi kidogo kidogo, na wengi waliorudi walirudi kwa sababu kulikuwa na mtu: shemeji, jirani, mwenzake wa kanisa, aliyelinda kiwanja au aliyesema mlangoni, huyu ni wa hapa. Leo Lubumbashi inapokea tena familia zilizokimbia vita vya mashariki na za kaskazini mwa Katanga ya zamani. Watoto wao wanakaa darasa moja na wajukuu wa majandarmu na wajukuu wa watu wa kambi ya 1961, na mara nyingi hakuna anayejua nani ni nani. Mwalimu anaita majina asubuhi, kila mmoja anajibu kwamba yupo, na masomo yanaanza.